Cheti juu, Wafilipi 3:8 chini: tathmini ya fremu za zawadi za mahafali, Kariakoo

Ukimwambia fundi fremu wa Kariakoo kwamba unataka zawadi ya mhitimu "yenye neno", atakachokutolea mara nyingi ni fremu ya madirisha mawili. La juu ni kubwa, la kuwekea cheti au picha ya joho. La chini ni jembamba kama rula, na ndani yake umechapwa mstari wa Wafilipi 3:8 kwa herufi za mlazo zilizozungushiwa maua. Tunaipima fremu hiyo, pamoja na ngao na vikombe vyenye mistari ya Biblia ambavyo makanisa huagiza kwa mashindano ya kwaya na mabonanza ya vijana. Kazi ya mbao ni nzuri, kioo kinaridhisha, mgongo wa fremu ni aibu, na mpangilio wa maandishi unapingana na maandishi yenyewe. Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo zito, na fundi hatalirekebisha usipomwambia.

Mstari huo haukuandikwa uwe pambo la chini ya cheti. Paulo anautanguliza kwa wasifu wake mwenyewe, aya ya 5 na ya 6, na ni wasifu ambao Yerusalemu nzima ingeusimamia. Anataja mambo saba. Ametahiriwa siku ya nane, siku ile iliyoamriwa, kwa hiyo si mwongofu wa ukubwani. Ni wa taifa la Israeli, tena wa kabila la Benyamini lililomtoa Sauli, mfalme wa kwanza. Ni Mwebrania wa Waebrania. Kwa torati ni Farisayo, kwa bidii aliliudhi Kanisa, na kwa haki ya sheria hakuna wa kumnyooshea kidole. Manne ya kwanza alizaliwa nayo, matatu ya mwisho aliyatolea jasho. Na bado kuna aliyoyaacha: kusoma miguuni pa Gamalieli (Matendo 22:3), na uraia wa Rumi aliozaliwa nao, ambao jemadari aliyemkamata alikiri kuununua kwa mali nyingi (Matendo 22:28). Filipi ilikuwa koloni ya Warumi na watu wake walijivunia Urumi wao. Kwa wasomaji wale, uraia ungekuwa cheti cha kwanza kutundikwa ukutani. Paulo hakuutaja kabisa. Alichowaambia, aya ya 20, ni kwamba wenyeji wao, yaani uraia wao, uko mbinguni.

Baada ya wasifu anafunga hesabu. Aya ya 7 inasema yaliyokuwa faida kwake ameyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Aya ya 8 inaongeza: si yale saba tu, ni mambo yote. Sababu aliyoitoa ndiyo moyo wa zawadi hii, na ndiyo inayopotea katika lile dirisha jembamba. Hasemi kwamba mafanikio yake yalichuja au kwamba yalikuwa ya uongo. Anasema ameona "uzuri usio na kiasi wa kumjua Kristo Yesu, Bwana wangu". Kitu chenye kiasi hakishindani na kisicho na kiasi, hata kiwe kikubwa namna gani. Digrii tatu zikijumlishwa bado ni tatu.

Hapa inafaa kutaja jambo ambalo wanunuzi huliruka: ukuu wa Kristo anaouzungumzia Paulo hauko kwenye ngazi ileile ya mafanikio yetu, eti umepanda tu hatua chache zaidi. Sura moja nyuma, 2:6-11, njia yake imechorwa ikienda upande mwingine kabisa. Aliyekuwa yuna namna ya Mungu alijifanya kuwa hana utukufu, akatwaa namna ya mtumwa, akatii hata mauti, tena mauti ya msalaba, adhabu ambayo kwa kawaida raia wa Rumi hakupewa. Ndipo Mungu akamwadhimisha mno. Mtu huanza chini, akapanda, akapewa cheti, akafa. Yeye alianza juu, akashuka, akafa, akafufuka. Ndiyo maana katika aya ya 10 Paulo haombi mafanikio makubwa kuliko yale ya kwanza. Anaomba kumjua yeye, na uweza wa kufufuka kwake, na ushirika wa mateso yake. Hakuna chuo kinachotoa hivyo.

Tena asije mtu akaisoma fremu hii kama tusi kwa mzazi aliyeuza kiwanja alipe ada. Paulo hakuchoma vyeti vyake. Uraia ule aliouacha nje ya orodha aliutumia alipokata rufani kwa Kaisari (Matendo 25:11), na elimu yake inaonekana katika kila waraka. Tatizo limetajwa wazi katika aya ya 9, "haki yangu mwenyewe". Cheti kinathibitisha kwamba mtu amefaulu mtihani. Kikianza kutumika kuthibitisha kwamba mwenye nacho anakubalika mbele za Mungu, au kwamba dada yake aliyeishia darasa la saba ni mtu pungufu, hapo kimehamia upande wa hasara.

Kwa hiyo maagizo ya kwanza kwa fundi ni kugeuza ukubwa. Mstari upewe angalau theluthi mbili za fremu, na picha ya mhitimu, kama ni lazima iwepo, ikae chini kwa ukubwa wa postikadi, sentimita 10 kwa 15. Wengine watasema haipendezi sana. Ni kweli, jicho limezoea cheti. Ila mpangilio huu ndio unaosema kilichoandikwa.

Tena usiweke cheti halisi. Mhitimu atakihitaji kwenye usaili na kwa wakili anayegonga muhuri kwenye nakala, na kila kikitolewa na kurudishwa kingo zake huchakaa. Weka fotokopi ya rangi kama mtu anang'ang'ania. Cheti halisi kikae kwenye faili la plastiki, mahali pakavu, bila laminesheni. Laminesheni hushikwa kwa moto na gundi, na ukitaka kuiondoa unaondoka na karatasi.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linaloharibu fremu nyingi za Dar es Salaam ni karatasi kugusa kioo. Masika yakiingia, hewa yenye unyevu inanasa ndani, kioo kinapopoa usiku unyevu unageuka maji, na karatasi inanata. Ukiibandua baada ya mwaka, nusu ya maandishi inabaki kwenye kioo. Dawa yake ni kadi ngumu yenye dirisha, unene wa milimita 2, inayokaa kati ya karatasi na kioo na kuacha nafasi ya hewa. Kadi hiyo ndiyo fundi huiacha kwanza ukimkandamiza kwenye bei, kwa sababu ukiangalia kwa mbele huwezi kugundua haraka. Weka kidole pembeni mwa kioo, utazame kwa mshazari: kama kuna kivuli kati ya kingo za kadi na karatasi, kadi ni ya kweli. Kama mpaka ni mstari tu uliochapwa, umepigwa.

Kioo cha milimita 2 kinatosha kwa ukubwa wa A3 kushuka chini. Juu ya hapo omba milimita 3. Akriliki, ile plastiki angavu inayowekwa badala ya kioo, ni nyepesi na haivunjiki kirahisi ikianguka, inafaa kwa zawadi itakayopanda basi kwenda Mbeya au Songea, ila inakwaruzika hata kwa kitambaa chenye vumbi, na ukiifuta kwa spiriti inaweza kupasuka nyufa ndogondogo zisizofutika. Maji na sabuni kidogo vinatosha.

Mgongo wa fremu ndipo tulipokata alama nyingi. Fremu za bei ya chini hufungwa nyuma kwa katoni la bidhaa lililokatwa, misumari minne, basi. Katoni hufyonza unyevu, likavimba, likasukuma karatasi mbele, na asidi yake hupaka karatasi madoa ya kahawia. Omba hadibodi ya milimita 3, na kati yake na karatasi kuwe na karatasi nyeupe safi. Kisha ukingo wote wa nyuma uzibwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi, si selotepu, ambayo kwa joto la hapa hukauka na kuachia. Kuziba huku ndiko kunakozuia vumbi na wadudu. Karatasi yenye maandishi ishikiliwe kwa juu tu, sehemu mbili, ibaki huru chini. Ikigundishwa pande zote, inapotanuka kwa unyevu haina pa kwenda ila kukunjamana.

Kwa uchapaji, uliza mashine. Wino wa maji wa printa za kawaida hupauka haraka ukipigwa na jua, na dhahabu ile inayopendwa kwenye jina la Yesu huwa ya kwanza kuwa rangi ya haradali. Printa ya leza hudumu zaidi. Herufi kubwa ziwe na urefu usiopungua milimita 7 ili aliyekaa kwenye kochi mita 2 asome bila kuinuka, na hiyo ni pointi 28 hivi kwenye kompyuta. Herufi za mlazo zenye mikia acha kwenye kadi za harusi.

Hapo ndipo hesabu ya maneno inaingia. Katika Biblia ya Union Version, aya ya 8 kuanzia "Naam" hadi "Bwana wangu" ina maneno 22, na hayo yanakaa vizuri kwenye A4 kwa pointi 28. Aya nzima ina maneno 38 na inataka nafasi zaidi. Wengi hukomea "Bwana wangu" kwa sababu nyingine pia: nusu ya pili katika tafsiri hiyo ina "mavi", na mama mwenye sebule atauliza. Habari Njema inasema "takataka". Kukomea katikati si kosa, sentensi imejitosheleza. Kosa ni kuanzia katikati. Tumeona fremu yenye "kumjua Kristo Yesu, Bwana wangu" peke yake, na ukiondoa hesabu ya hasara hakuna tena ulinganisho, kimebaki kipande kizuri cha ukutani. Aliye na nafasi aanzie aya ya 7.

Soma nakala ya majaribio kwenye karatasi kabla fundi hajakata chochote, na usiisome kwenye simu. Angalia "Wafilipi", angalia namba ya aya, angalia jina la mhitimu dhidi ya jina la kwenye cheti. Kosa la "r" na "l" linalokaa ukutani miaka kumi linaudhi kuliko doa la unyevu.

Bei hatuitaji, maana hubadilika kwa mtaa na kwa sura ya mteja, ila jua fundi anavyohesabu ili usiuziwe hewa. A4 ni milimita 210 kwa 297. Ongeza kadi ya sentimita 5 kila upande, kioo kinakuwa sentimita 31 kwa 39.7, sema 40. Mzunguko ni sentimita 142. Kila kona hukatwa kwa nyuzi 45, na mikato hiyo hula takriban upana wa fito (ukingo wa fremu) mara nane. Fito ya upana wa sentimita 3 inaongeza 24, jumla sentimita 166. Akikwambia mita mbili, anajikinga na makosa ya msumeno, na hiyo ni haki. Akikwambia mita tatu, uliza kile kipande kingine kinabaki kwa nani.

Fito za plastiki ngumu zinazofanana na mbao ya dhahabu hazidharauliki. Unyevu hauzisumbui, mchwa hawazitaki, ni nyepesi. Udhaifu wake ni joto na gundi kali inayoyeyusha kona. Anayetaka mbao halisi ni afadhali aende kwa maseremala wa Keko akate mninga uliokauka, kisha arudi Kariakoo kwa kioo na kadi. Neno "uliokauka" lina uzito hapo: mbao mbichi hujikunja ikikauka, na kona iliyokuwa imefunga ndi siku ya mahafali, Krismasi inaonesha mwanga. Kona nzuri ina gundi na misumari, vyote viwili. Bonyeza kona mbili za mshazari kwa viganja. Ikilia, rudisha.

Ngao na vikombe ni habari nyingine, na hapa alama zetu ni ndogo zaidi. Mstari unaoagizwa sana ni Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ukichongwa chini ya "Mshindi wa Kwanza". Aya ya 12, iliyo jirani yake, inazungumzia kujua kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, na mwandishi yuko kifungoni. Kama kuna kwaya inayostahili kupewa mstari huo, ni ile iliyoshika nafasi ya mwisho ikarudi mazoezini Jumanne. Kamati inayoagiza vikombe ingefikiria 1 Wakorintho 9:25, taji iharibikayo na isiyoharibika. Korintho ilikuwa jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia, na mshindi pale alivikwa taji la majani, ya msonobari au ya selari. Yalinyauka yakiwa kichwani.

Vikombe vya sasa vinadumu kidogo tu kuzidi hapo. Vingi ni plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na sehemu pekee ya chuma ni boliti ndefu ya katikati. Kwa walio karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, chumvi ya hewa huanza na boliti hiyo, kikombe kinaanza kuyumba, na anayekinyanyua kwa masikio anabaki na masikio. Kaza nati ya chini siku unapokipokea na upake grisi kidogo. Maandishi yachongwe kwenye bamba la alumini, yasiwe stika. Kitako cha marumaru ni bora kuliko cha plastiki kilichojazwa saruji, ambayo hutikisika na kupasuka.

Kwa anayedhani tatizo ni ubora tu, historia ya michezo ina majibu. Kombe la Jules Rimet, lile la kwanza la Kombe la Dunia la soka, lilikuwa la fedha iliyopakwa dhahabu, na Brazil walipewa moja kwa moja mwaka 1970. Mwaka 1983 liliibwa Rio de Janeiro na halikuonekana tena. Kabati lake lilikuwa na kioo kisichopenya risasi upande wa mbele, mgongo wake mbao, na wezi wakapita mgongoni. (Mafundi wa katoni na misumari minne wana wenzao.) Na hata kisichoibika hupitwa. Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, akiongoza kutoka mwanzo hadi mwisho, rekodi ya dunia ya Mtanzania, na ni haki watoto wetu waijue. Agosti 1979 Sebastian Coe aliishusha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tangu 1998 inasomeka 3:26.00, ya Hicham El Guerrouj. Ukuu wa Bayi haukupungua kwa hilo. Ni kwamba rekodi huwekwa ili ivunjwe, na Wakolosai 1:18 inamtaja mmoja aliye mtangulizi katika yote, asiye na wa kumpokea kijiti.

Kwa ngao ya mzee anayestaafu uongozi, tunapendekeza Yohana 3:30, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua". Ni maneno machache, hukaa kwenye bamba dogo kwa herufi kubwa, na aliyeyasema, Yohana Mbatizaji, alikuwa na wafuasi wengi kabla ya kuwapoteza kwa hiari. Kwa mhitimu wa shahada ya juu, Yeremia 9:23-24 ni bora hata kuliko Wafilipi 3:8. Unamtaja mwenye hekima, mwenye nguvu na tajiri, watu watatu ambao kila mahafali huwaahidi wahitimu kwamba watakuwa, na kumwambia kila mmoja asijisifu kwa hicho. Ni mrefu, unahitaji nafasi zaidi. Yeremia 29:11 tungeuacha upumzike, angalau hadi mnunuzi asome aya ya 10, ambako ahadi ile inasubiri miaka 70.

Alama zetu kati ya tano: mbao na kona nne, kioo nne, uchapaji tatu, mgongo moja na nusu, mpangilio wa cheti na mstari mbili, na hiyo moja ya ziada ni kwa sababu mafundi hawabishani ukiwaambia wageuze. Ngao mbili na nusu. Vikombe moja.

Ukishaichukua, usiitundike kwa uzi mmoja katikati. Pete mbili nyuma, theluthi moja kutoka juu, waya kati yake, na skrubu mbili ukutani zenye plagi za plastiki, tundu la milimita 6. Msumari wa zege kwenye lipu laini ya matofali ya saruji hung'oa kipande na kuacha shimo. Bandika vipande viwili vya mpira au sponji kwenye kona za chini kwa nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Epuka ukuta unaotazamana na dirisha la magharibi, na ule wa pamoja na bafu. Masika yakiisha ishushe, ipapase mgongoni. Utepe ukiwa umeachia, ubadilishe kabla ya vuli.